Wakuu, mtandao ukikatika seva ya ghala inaganda. Nifanyeje?

Chikongola_Boy: Habari za jioni wakuu. Natunza mfumo wa kupokea korosho ghalani Masasi. Hifadhidata ni PostgreSQL 14. Seva kuu ipo palepale ghalani, ya akiba ipo ofisini Mtwara mjini. Bosi hataki risiti hata moja ya mkulima ipotee, kwa hiyo nimeweka replikesheni (kunakili data kwenda seva ya akiba) ya kusubiriana: karani hajibiwi mpaka Mtwara nako kuandikwe. Mtandao ukiwa mzima, safi kabisa. Ukikatika, karani anabofya, kioo kinazunguka tu, magunia yanapanga foleni hadi nje ya geti. Kuna namna ya kuiambia isubiri sekunde chache halafu iendelee?

Mwera_Asilia: Weka async, isiyosubiri Mtwara, ulale. Mambo mengine mnajitafutia presha.

DadaSeva: Mdogo wangu, hiyo ya kusubiri halafu kuendelea ni tabia ya MySQL, hifadhidata nyingine, replikesheni yao ya nusu-kusubiriana, isipobadilishwa inangoja sekunde 10. PostgreSQL itangoja mpaka kiama. Na hapo kuna mtego: kioo kinapozunguka, risiti imeshaandikwa kwenye diski ya Masasi, kinachongojwa ni jibu la Mtwara tu. Karani akikata na kubofya upya, mkulima mmoja anapata risiti mbili za mzigo uleule. Kwa hiyo kabla ya yote, namba ya tiketi ya mzani iwe ya kipekee kwenye jedwali, ya pili igome.

Kisha tafuta mashine ya tatu, iweke Masasi, chumba kingine. Kwenye mpangilio wa synchronous_standby_names andika ANY 1 (jirani, mtwara), jirani ndiyo hiyo mashine ya tatu. Ipo tangu toleo la 10. Yeyote kati yao akithibitisha, karani anajibiwa, na Mtwara itafuata mtandao ukirudi.

Mwera_Asilia: Na jengo likiungua?

DadaSeva: Utapoteza yale ambayo Mtwara ilikuwa haijayapokea. Umbali una gharama yake, mkuu. Bosi achague.

Fundi_Newala: Naongezea. Kama unatumia sloti (alama ya replika imefikia wapi), seva kuu inatunza faili za WAL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, mpaka Mtwara izichukue. Mtandao ukilala siku kadhaa diski inajaa, na seva kuu yenyewe inazima. Weka max_slot_wal_keep_size, kwako ipo, ilikuja na toleo la 13. Ikivuka kikomo utaijenga upya ya Mtwara kwa pg_basebackup, yaani kunakili seva kuu nzima. Inachosha, ila mapokezi hayasimami.

Chikongola_Boy: Asanteni sana. Je, seva kuu ikifa, Mtwara ijipandishe yenyewe iwe kuu?

DadaSeva: Hapana! Mtwara haiwezi kujua kama Masasi imekufa au ni mtandao tu umekatika. Ikijipandisha utakuwa na seva kuu mbili, kila moja inapokea yake. Pandisha kwa mkono, pg_promote(), baada ya kumpigia mtu ghalani na kuhakikisha ile ya zamani imezimwa. Patroni, programu ya kusimamia seva hizi, inafanya hayo yenyewe, lakini inahitaji mashine za kutosha za kupiga kura ili wengi wakubaliane, na kwako kila mtandao ukikatika Mtwara inabaki peke yake.

Fundi_Newala: Na replika si bakapu. Mtu akifuta jedwali Masasi, Mtwara nako linafutika papo hapo. Bakapu ya usiku iwepo, na faili za WAL zihifadhiwe pembeni.

Chikongola_Boy: Kuna desktop ya mhasibu haitumiki, RAM 8. Inatosha kuwa jirani?

DadaSeva: RAM sawa. Diski ni SSD?

Chikongola_Boy: Ile ya kuzunguka.

DadaSeva: Badilisha kwanza hiyo.