Sudoers inajifuta katikati ya kupima korosho, naombeni ushauri

Mpima Ghala
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Mtwara, natunza seva ya Ubuntu kwenye ghala moja la korosho. Makarani wa mizani nimewapa ruhusa moja tu ya sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi): kuwasha upya huduma ya printa, maana ikigoma stakabadhi hazitoki. Sasa wiki ya pili hii, karani anaandika amri anajibiwa hayumo kwenye sudoers, faili la wenye ruhusa. Nikijaribu mimi, jibu ni hilohilo. Dakika chache baadaye kila kitu kiko sawa. Jana malori matano yamesimama, madereva wamelala chini ya mkorosho, mimi nagonga kibodi jasho linanitoka. Hata nilichoongeza kwa visudo, kihariri maalumu cha faili hilo, kinapotea. Nifanyeje? Ijumaa kuna mnada.

Korosho Ghafi
Mkuu, huko kwenu malipo ya mnada uliopita yameshaingia? Sisi Tandahimba bado tunasikilizia.

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Mimi yalinikuta Newala. Nilifungua faili hilo kwa nano, kihariri cha kawaida, badala ya visudo, nikakosea mstari mmoja, sudo ikanikataa. Ubuntu root (msimamizi mkuu) huwa hana nywila, kwa hiyo su, amri ya kugeuka root, nayo haikunisaidia. Nikangoja mlinzi arudi na ufunguo wa chumba cha seva mpaka saa tatu usiku, nikaizima na kuingilia hali ya uokoaji. Tangu siku hiyo sigusi sudoers bila visudo.

Fundi Mikindani
Visudo anaitumia, amesema. Faili halijifuti lenyewe. Nani mwingine anaandika humo?

Mpima Ghala
Hakuna mtu. Niko peke yangu.

Fundi Mikindani
Sijauliza mtu tu. Kroni ya root (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ina nini?

Mpima Ghala
Kuna mstari mmoja, kila baada ya dakika 5:

`curl -s [anwani ya makao makuu]/sudoers > /etc/sudoers`

Orodha ya makarani inatunzwa Dar, na msimu huu vibarua wanabadilika kila siku. Niliuandika mwenyewe na msimu uliopita haukunisumbua, ndiyo maana sikuutaja. Nimeshaamua kuuhamishia saa nane usiku, hapo hakuna anayepima. Nadhani itatosha.

Mzee wa Ligula
Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana, umetupotezea nusu siku na wakulima wako juani. Ukiomba msaada, sema yote.

Bado Naangalia
Chai hii. Faili la kilobaiti mbili curl inalishusha chini ya sekunde moja. Karani agonge sudo ndani ya sekunde hiyohiyo, tena kila siku? Umetunga, mkuu.

Mpima Ghala
Sijatunga. Ghala linatumia modemu ya laini ya simu. Nimeweka kitanzi cha kusoma ukubwa wa faili kila sekunde, matokeo haya:

10:40:00 1712
10:40:01 0
10:40:02 0
(sifuri zinaendelea)
10:40:19 0
10:40:20 1712

Bado Naangalia
Sekunde 19 tupu! Naomba radhi.

Fundi Mikindani
Sababu ni alama ya `>`. Shell, inayopokea amri zako, inalifuta faili kwanza, ndipo curl inaanza kutafuta mtandao. Muda wote huo sudo inasoma karatasi nyeupe. Ukihamishia saa nane usiku na mtandao ukafa, faili litabaki tupu mpaka usiku wa pili, Ijumaa yako imekwenda.

Mpima Ghala
Lakini visudo si inafunga faili?

Fundi Mikindani
Kufuli lile linamzuia anayeliuliza. Skripti yako hailiulizi, inaandika tu. Hapo ndipo marekebisho yako yanapotelea: kila mmoja anamfuta mwenzake.

Liache /etc/sudoers lako wewe. Waombe Dar walete mistari ya makarani tu, iende kwenye faili lake ndani ya folda ya /etc/sudoers.d. Shusha kwanza kwenye faili la muda humohumo, kwa `curl -f -o`, ili ukurasa wa kosa usije ukageuka orodha ya ruhusa. Hakikisha lina kitu kwa `test -s`, maana faili tupu hupita ukaguzi. Kagua kwa `visudo -cf`, weka ruhusa za faili 0440 (kusomwa tu), piga sync liandikwe diskini kwa sababu ya umeme wetu, halafu `mv`. Ndani ya diski moja mv hubadilisha jina kwa mkupuo: msomaji anaona la zamani au jipya, nusu haioni. Usitumie /tmp, ikiwa ni diski nyingine mv inanakili. Na skripti nzima uifunge kwa flock (amri ya kufuli), mtandao ukichelewa zisije zikaenda mbili.

Mpima Ghala
Nimefanya yote, Dar wamekubali. Faili tupu sioni tena, ila karani bado anakataliwa.

Mama Wawili
Umelipa jina gani?

Mpima Ghala
makarani.conf

Mama Wawili
Toa nukta mdogo wangu. Humo sudo inaruka kila jina lenye nukta, liwe la faili la muda au la kudumu.

Mpima Ghala
Nimetoa. Printa imewaka, karani anachana stakabadhi ya lori la kwanza. Asante dada, asanteni wote.