Naomba ushauri: ndege ya sarakasi inavuta kuelekea tumboni ikiruka kwa ubavu

Wakuu, salaam. Ndege ni ya rimoti, mabawa sm 122, kilo 1.5, betri ya seli 4 ya mAh 2200. Kitovu cha uzito kipo asilimia 28 ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele.

Ikipanda kwa nyuzi 45 kisha ikageuzwa chali na kuachiwa stiki, pua inashuka polepole tu, kwa hiyo sidhani ni nzito mbele kupita kiasi. Ikipanda wima kwa nguvu zote ilikuwa inakatia kushoto. Washa (kipete bapa cha chuma) ya mm 1 nyuma ya skrubu mbili za kushoto za mota ilimaliza hilo.

Kazi iko kwenye kuruka kwa ubavu, yaani bawa moja juu na jingine chini. Usukani (bapa la wima la mkiani) ukishikiliwa, pua inakimbilia upande wa magurudumu, kulia na kushoto sawasawa. Ingekuwa upande mmoja ningeshuku bawa lililopinda.

Je, nirudishe betri nyuma mm 4, au niweke miksi ya usukani kwenda eleveta, yaani rimoti iinue eleveta (bapa la mkiani la kupandisha na kushusha pua) yenyewe usukani unapoguswa, asilimia 5 juu pande zote? Betri ikirudi nyuma naogopa kutua kutakuwa kwa wasiwasi. Miksi nayo itaingilia kila usukani unapoguswa, hata kwenye kugeuka kileleni (ndege ikipanda wima kisha kupinduliwa kwa usukani irudi chini), ambako haitakiwi.

Halafu eleveta inacheza karibu mm 1 ukiitikisa kwa kidole, sevo (kimota kinachoisogeza) ikiwa imewashwa. Nianze kwa kubadilisha pini ya fimbo inayounganisha sevo na eleveta kwanza? Maana vipimo vyote hivi huenda vinadanganya.