Mkanda wa taimingi wa Impreza WRX ya 2002: nibadilishe hapa Mtwara, nipeleke gari Dar, au ninunue injini ya mtumba?

Mkazi_wa_Shangani
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, injini ya EJ20 yenye turbo, ambayo sasa inasoma kilomita 118,000. Gari halivuji oili, halichemshi, na asubuhi linawaka mara moja. Kinachoninyima usingizi ni mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mihimili inayofungua valvu), kwa sababu katika injini hii ukikatika, pistoni hugonga valvu. Juu ya kava la mkanda kuna karatasi ya Kijapani iliyopauka, inayosomeka kilomita 71,000 na, kwenye nafasi ya mwaka, herufi H ikifuatiwa na 21. Nimeielewa kuwa ni mwaka 2021, hivyo kwa hesabu ya kuubadilisha kila kilomita 100,000 bado nina nafasi kubwa. Ninapima njia tatu: kubadilisha mkanda peke yake hapa hapa Mtwara, kulipeleka gari Dar es Salaam kwa mafundi waliozoea Subaru, au kuweka akiba ninunue injini ya mtumba siku hii itakaposhindwa. Ipi ni ya busara?

Fundi_Ligula
Mkuu, nakushauri uiondoe kabisa njia ya kubadilisha mkanda peke yake. Mkanda huo unapita kwenye puli za kuongozea, ambazo moja ina meno, unakazwa na kikazio cha haidroliki, na ndio unaozungusha pampu ya maji. Nimefungua injini kadhaa za aina hii ambazo mkanda wake ulikuwa bado mzima, lakini beringi ya puli ilikuwa imekauka grisi, na puli ikigoma kuzunguka huula mkanda mpya kama inavyoula wa zamani. Kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile, weka seti nzima: mkanda, puli zote, kikazio, pampu ya maji, thamostati, pamoja na sili za mbele za krenki na kamshafti.

Injini haihitaji kushushwa. Ukitoa feni za rejeta unapata nafasi ya kutosha. Ugumu uko kwenye alama. Kwenye puli ya krenki kuna mshale na kuna kistari kidogo kwenye jino la nyuma, na alama ya kufuata ni kistari, wala si mshale. Aidha, kamshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, hivyo mkanda ukitoka zinaweza kuruka ghafla. Muulize fundi wako mambo haya mawili kabla hajashika spana, na akisita, tafuta mwingine.

Dada_wa_Mingoyo
Shikamoo, fundi. Naunga mkono hoja yako, lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo kaka wa Shangani amelisoma vibaya. Wajapani huandika miaka mara nyingi kwa kufuata enzi ya mfalme wao. Herufi H ni Heisei, enzi iliyoanza 1989, kwa hiyo H21 ni mwaka 2009. Mwaka 2021 ungeandikwa R3, yaani mwaka wa tatu wa Reiwa. Nami niliwahi kukosea hivyo hivyo nilipokuwa nasoma karatasi za mnada, ndiyo maana nimeshtuka nilipoiona H hiyo.

Kilomita zake ni 47,000 tu tangu ubadilishwe, lakini mpira haungoji kilomita. Kwa magari ya Marekani ya miaka hiyo, Subaru walitaja maili 105,000 au miezi 105, kimoja kikitangulia, na miezi 105 haifiki hata miaka tisa. Mkanda wako umeshapita kipimo hicho zamani. Kwa maoni yangu gari lisiende hata Mikindani mpaka kazi ifanyike.

Msafiri_wa_Kusini
Alichosema dada ndicho kinachoiua njia ya Dar. Ni zaidi ya kilomita 550, na kwa mkanda wa umri huo utakuwa unaihatarisha injini kwa safari ile ile unayoifanya ili kuiokoa. Kulibeba kwa lori kunawezekana, ila gharama yake ni bora iende kwenye spea. Tena barabara yetu si ya kuiwekea ahadi wakati wa masika; sote tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Somanga. Agiza seti Dar, ije kwa basi, kisha wewe na fundi mkague kila puli kabla ya kufunga, kwa kuwa spea za bandia ni nyingi.

Kuhusu injini ya mtumba, nilishapita njia hiyo na siipendekezi. Huijui historia yake, mkanda wake nao utalazimika kuubadilisha, na namba yake haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari.

Fundi_Ligula
Marahaba, dada, na ahsante kwa kutufumbua macho. Naongeza jambo moja kwa kuwa maji yatamwagwa yote: usirudishe maji ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na bloku ya injini hii ni ya alumini. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kisha hewa itolewe polepole, kwani injini hizi ambazo pistoni zake zimelala ubavu huficha hewa ndani, na gari likachemsha siku ya pili bila sababu inayoonekana. Oili ya turbo nayo isizidi kilomita 5,000.

Mkazi_wa_Shangani
Nawashukuru sana. Gari nililiegesha siku ile ile, seti ikaja kwa basi, na kazi imekamilika jana. Mkanda wa zamani kwa macho ulikuwa mzuri, hauna ufa wala uzi uliochomoza, na kama ningekagua mimi peke yangu ningeurudisha. Lakini ile puli yenye meno, nilipoizungusha kwa kidole, ilikwaruza kama ina mchanga ndani, na chini ya pampu ya maji kulikuwa na mchirizi mwembamba wa kutu uliokwisha kukauka. Fundi alifuata kistari, na kabla ya kuwasha aliizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kisha akakagua alama zote upya. Juu ya kava tumebandika karatasi mpya yenye kilomita 118,640, na mwaka tumeuandika kwa tarakimu nne.