Dondoo ya majani inazuia zanthini oksidesi kwa 82%: niendelee na panya?

Mdadisi: Wakuu, dondoo ya ethanoli, 100 µg/ml, imezuia zanthini oksidesi (kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki, ambayo ikizidi huleta jongo) kwa 82%. Nimesoma ufyonzaji wa mwanga kwa nm 295, kilinganishi ni alopurinoli, dawa ya jongo inayozuia kimeng'enya hicho. Kabla ya kwenda kwa panya nihakikishe nini? Na wenye jongo wanaotaka kuanza kuinywa niwaambieje?

Kipimajoto: Hiyo 82 usiiamini bado. Fenoli za majani nazo hufyonza mwanga hapo hapo karibu na nm 295. Usomaji wa mwanzo ukizidi 2, mashine inakaribia ukomo wake, mteremko wa grafu unalala, nawe unadhani kimeng'enya kimezuiwa. Weka kikombe chenye dondoo bila kimeng'enya, kisha tumia mteremko wa dakika 3 za kwanza badala ya usomaji mmoja wa mwisho.

Tanini ndizo zinazowaponza wengi, maana hung'ang'ania protini yoyote. Ziondoe kwa PVPP (unga unaozinasa), upime tena. Rudia pia ukiwa na Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya 0.01%; uzuiaji ukitoweka, yalikuwa mabonge ya molekuli tu. DMSO (kiyeyushi) isizidi 1%, na iwe sawa kwenye vikombe vyote. Ukivuka hapo, tafuta IC50 (kiwango kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya) kwa viwango 6 hivi. Kiwango kimoja hakisemi kitu.

Figo2: Nyongeza kuhusu panya: wao wana yurikesi, kimeng'enya kinachogeuza asidi ya yuriki kuwa alantoini, sisi hatuna. Ndiyo maana huchomwa kwanza oksoneti ya potasiamu, kwa kawaida 250 mg/kg, ili kuizima. Nguvu yake ni ya saa chache, kwa hiyo ukichelewa kutoa damu, kiwango kitakuwa kimeshashuka chenyewe na dondoo itapewa sifa isiyo yake. Pima pia kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), na asidi ya yuriki kwenye mkojo: huenda dondoo inafanya kazi kwenye figo, kwa kuzuia URAT1 (protini inayorudisha asidi ya yuriki kwenye damu), wala si kwa zanthini oksidesi ya kwenye ini.

Usitarajie makubwa kwa binadamu. Kwesetini (flavonoidi ya mimea) 500 mg kwa siku, wiki 4, kwa wanaume 22 wenye afya, ilishusha asidi ya yuriki ya damu kwa takriban 8%. Mwenye 9 mg/dl angebaki na 8.3. Lengo la mwenye jongo ni chini ya 6 (360 µmol/l).

Mdadisi: Ila kuna wanaosema maumivu yameisha kwa majani tu.

MfamasiaK: Shambulio la jongo huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili, mkuu, hata bila dawa. Kolkisini nayo imetoka kwenye mmea, inatuliza uvimbe, lakini haishushi asidi ya yuriki. Wapime damu wiki 2 au zaidi baada ya shambulio, kwani katikati yake kipimo huweza kusoma kawaida.

Anayetumia alopurinoli asiiache. Anayetumia azathioprini (dawa ya kupunguza kinga) au merkaptopurini (dawa ya saratani ya damu) asiiguse dondoo yako kabisa: dawa hizo huvunjwa na zanthini oksidesi hiyo hiyo, na kikizuiwa hulundikana na kuharibu uboho.