Naomba ushauri: kijitabu cha marehemu wa ukoo wetu

Habari zenu wakuu. Desemba hii ukoo wa Swai tunakutana Machame, Kilimanjaro, nami nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha marehemu wetu. Isiwe orodha ya majina tu. Kila mmoja apate aya yake: alilima nini, alioana na nani, alikuwa na vituko gani.

Kwanza majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina yanajirudia mpaka unachanganyikiwa. Mnawatofautishaje, kwa kihamba (shamba la ukoo alikojenga mtu) au kwa jina la mke? Wamisionari wa Kilutheri walifika Machame 1893, hivyo vitabu vya ubatizo vya usharika vitasaidia, ila wasiobatizwa hawamo.

Kinachonisumbua zaidi ni mashangazi. Waliolewa, wakazikwa ukweni, na baadhi ya wazee hawataki waingie. Mimi nasema waingie, tena mbele kabisa. Nusu ya habari za ukoo tumezipata kwao. Niongeeje na wazee bila kuonekana nawafundisha? Na aliyekufa kwa ugonjwa ambao wanawe hawataki utajwe, mnaandikaje?