Laptopu inalia mlio mwembamba usiku, fundi anataka nibadilishe bodi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mnukuzi wa Tabata

Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada, hasa kwa wanaozijua mashine kwa undani, maana Jumamosi natakiwa nimpe fundi jibu.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti walizorekodi, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Nafanya usiku, mtoto akishalala na bodaboda zikipungua, kwa sababu neno moja likinipita inabidi nirudi nyuma mara nne, mara tano. Miezi miwili iliyopita nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, prosesa i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, ina SSD, ile diski isiyozunguka. Dukani mchana sikusikia chochote. Usiku wa kwanza nyumbani nikaanza kusikia mlio mkali mwembamba, kama mbu amekwama karibu na sikio. Nikazima feni ya darini nikidhani ndiyo. Haikuwa.

Sasa nimeshazijua tabia zake. Mashine ikitulia tu, inalia. Nikiskroli ukurasa mlio unabadilika, unakuwa kama unakwaruza, unafuata kidole changu. Video ikicheza unapotea karibu wote. Chaja ikichomekwa unaongezeka. Mwanangu wa miaka 9 anausikia akiwa kitandani, lakini mama yangu akikaa pembeni yangu kabisa anasema hasikii kitu.

Nilimpelekea fundi, mtu mzima anayeheshimika huku mtaani. Akaitega sikio, akasema yeye hasikii mlio wowote, ila kama kweli upo basi bodi inakufa, na kuibadilisha ni shilingi 280,000. Hiyo kwangu ni kazi ya wiki tatu. Je, ni kweli inakufa? Na nikiendelea kuitumia, naweza kupoteza kazi za watu?

Kijana wa Sinza

Feni hiyo. Ipeleke ikapulizwe vumbi, wakuwekee na pesti mpya ya kupooza joto kwenye prosesa, ile chipu kuu ya mashine. Kazi ya nusu saa.

Sikio la Usiku

Mkuu hapo juu, msome tena. Feni haiwezi kufuata kidole kinachoskroli. Na video ikicheza mashine inapata joto, feni ingezidi kulia badala ya kunyamaza. Feni iliyokwisha bushi inakoroma, na sauti yake inapanda na kushuka taratibu kadiri mwendo unavyobadilika. Kinachobadilika papo hapo namna hii ni umeme.

Dada, usitoe hata senti kabla hujajua sauti inatoka wapi. Subiri usiku, zima feni ya chumba. Chukua karatasi ya A4, ikunje iwe mrija, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe taratibu juu ya kibodi, halafu chini ya mashine, halafu kwenye tofali la chaja. Utashangaa jinsi mrija unavyoonyesha mahali. Kisha chomoa chaja, sikiliza ikiwa kwenye betri peke yake. Kisha chaja ibaki ukutani peke yake bila laptopu, isikilize. Mwisho, pandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho kabisa halafu ushushe nusu. Hilo la mwanga wengi hawalijaribu.

Mwanachuo wa Ubungo

Mimi nitaongeza onyo moja. Kama mashine yako ingekuwa na diski ya kuzunguka, ile ya zamani, na ungesikia mlio pamoja na kugonga tk tk tk huku mafaili yanachelewa kufunguka, ningekwambia acha kila kitu unakili kazi zako usiku huu huu. Mimi nilisubiri hadi wikiendi, nikapoteza sura mbili za tasnifu. Umesema una SSD, na SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hilo halikuhusu. Lakini nakala weka tu. Sauti za watu si za kubaki sehemu moja.

Mwalimu wa Fizikia

Nimeona swali la "bodi inakufa" nikaona nilijibu kwa utulivu, kwa sababu watu wengi hapa mjini wanatozwa hela kwa mlio huu.

Umewahi kusimama chini ya transfoma ya Tanesco usiku ukasikia inanguruma? Umeme wetu unakwenda na kurudi kwa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Usumaku unalivuta na kulilegeza chuma la ndani mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ngurumo unayoisikia ina Hz 100. Transfoma hiyo haijaharibika. Inafanya kazi yake na inatoa sauti.

Ndani ya laptopu kuna ndugu zake wadogo. Chaja inaleta volti 19 au 20 hivi, lakini prosesa inataka volti moja tu, wakati mwingine pungufu ya hapo. Anayeshusha ni saketi za kuwasha na kuzima umeme kwa kasi mno, mara laki kadhaa kwa sekunde, zikipitisha kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, ndogo za mraba zilizopangwa pembeni ya prosesa. Sikio la binadamu linaishia kama Hz 20,000, kwa hiyo kasi hiyo yenyewe hatuisikii. Shida inakuja mashine ikikaa bila kazi. Prosesa ya kisasa haikeshi. Inasinzia na kuamka maelfu ya mara kwa sekunde ili kuokoa betri, na kila ikiamka inavuta umeme kwa ghafla. Mdundo huo wa kuvuta na kuacha ndio unaoangukia kwenye masafa ya sikio. Koili zinatikisika, na kapasita za kauri, vile vidude vinavyotunza umeme kidogo kidogo, nazo zinatanuka na kusinyaa kidogo volti inapocheza, na kwa kuwa zimelehemiwa kwenye bodi, bodi nzima inatikisika nazo kama ngozi ya ngoma.

Sasa rudi kwenye maelezo yako. Ukiskroli, kazi ya prosesa inabadilika, mdundo unabadilika. Video ikicheza, prosesa haipati nafasi ya kusinzia sana, mlio unapungua. Umeeleza vizuri kuliko wengi ninaowasikia.

Kuhusu mama na fundi: masikio hupoteza sauti za juu kwanza kadiri miaka inavyokwenda. Mtoto wa miaka 9 anasikia asichokisikia mtu wa miaka 60. Fundi hakukudanganya aliposema hasikii. Kosa lake ni kutaja bei ya kutibu kitu ambacho hakukisikia.

Mnukuzi wa Tabata

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili, na nimemwita mwanangu nikamsomea ile ya transfoma, maana ipo moja hapa kona na huwa anaiogopa. Kwa hiyo siyo dalili ya kufa?

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba. Mlio peke yake, hapana. Mashine inaweza kulia hivyo miaka na miaka huku ikifanya kazi. Dalili za kuogopa ni nyingine: kuzima ghafla, harufu ya kuungua, sehemu moja kuwa ya moto kupita kawaida, au mlio ambao haukuwepo kabisa kuanza siku moja bila sababu.

Fundi wa Bodi

Mimi ndiyo kazi yangu, nalehemu bodi Kariakoo mwaka wa kumi na moja sasa. Mwalimu kasema kweli, niongeze la mkononi.

Kubadilisha bodi kwa ajili ya mlio ni kamari. Bodi utakayowekewa ni ya modeli ile ile, ina koili zile zile. Nimewahi kumbadilishia mteja kwa kusisitiza kwake, ya pili ikalia kuliko ya kwanza. Nilimrudishia pesa ya ufundi lakini ya bodi ilishakwenda.

Na mtu yeyote akikwambia amwagie gundi kwenye koili, kataa. Ushauri huo unatoka kwenye kompyuta za mezani za zamani zenye koili za waya uliozungushwa, ambapo waya unaweza kulegea. Koili za laptopu nyingi siku hizi zimefinyangwa ndani ya kitu kigumu tayari, gundi ya nje haifiki popote. Kinachobaki ni uchafu juu ya bodi, na siku ikiharibika kweli hakuna fundi atakayetaka kuishika.

Angalia chaja yako, dada. Mtumba wengi wanauza na chaja isiyo yake. Geuza mashine usome chini, inataka volti ngapi na wati ngapi, halafu soma chaja. Volti zilingane, wati za chaja zisiwe pungufu. Chaja dhaifu inahangaika, na yenyewe inalia.

Mkazi wa Mbagala

Hapo kwenye chaja nami nishuhudie. Nyumbani natumia inveta ya bei nafuu umeme ukikatika. Umeme ukiwa wa Tanesco chaja kimya, tukihamia inveta inaanza kuunguruma. Nilielezwa kwamba inveta hizo hazitoi wimbi laini kama la ukutani, linakuwa la ngazi ngazi, na chaja inalisikia. Nilibadili inveta kwa ile ya wimbi laini, ngurumo ikaisha.

Kijana wa Sinza

Nimesoma yote. Nafuta ushauri wangu wa feni, dada samahani. Lakini je, kama yuko ndani ya waranti ya duka?

Sikio la Usiku

Swali zuri. Kama duka lilimpa miezi mitatu, bado ana mwezi mmoja. Apakue kwenye simu programu ya bure inayochora masafa ya sauti. Aweke simu karibu na kibodi chumba kikiwa kimya. Itachora mwiba mahali mlio ulipo, na ukiskroli mwiba unahama. Apige picha. Mtu mzima ambaye hausikii ataona kwa macho, na kwenye kelele za Kariakoo hata kijana anahitaji picha hiyo.

Mnukuzi wa Tabata

Wakuu, nimerudi. Nimekaa siku tatu na karatasi yangu ya A4, niwape majibu yote kama nilivyoyapata.

Sauti zilikuwa tatu, si moja! Nilikuwa nazisikia zikiwa zimechanganyika.

Ya kwanza ni chaja. Mrija umeonyesha wazi, na mwanangu amethibitisha akiwa amefumba macho. Nimesoma maandishi: mashine inataka wati 65, chaja niliyopewa ni ya wati 45. Nimerudi dukani na picha, wamenibadilishia bila ubishi. Mpya iko kimya hata ukiiweka karibu.

Ya pili ni kioo. Usiku huwa nashusha mwanga mpaka karibu na mwisho ili mtoto alale. Nikipandisha hadi asilimia 100, ule mlio mwembamba kabisa, ule wa mbu, unakatika. Nikishusha unarudi. Nisingelijua hili maisha yangu yote.

Ya tatu ndiyo ile ya kuskroli. Inatoka kushoto juu ya kibodi, na ipo hata kwenye betri peke yake. Hiyo haijaisha.

Fundi wa Bodi

Ya kioo ni kwa sababu baadhi ya vioo hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa za nyuma haraka haraka. Ukifika asilimia 100 taa zinabaki zimewaka, mdundo unakosekana. Acha mwanga juu, ila geuza ukurasa wa kuandikia uwe mweusi na maandishi meupe. Chumba kitabaki na giza.

Ya tatu, ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, wakati wa kuwasha, tafuta palipoandikwa C-States. Hapo ndipo prosesa inaporuhusiwa kusinzia. Laptopu nyingi hazionyeshi chaguo hilo, ukilikuta lizime ujaribu. Ukubali gharama yake: betri itakwisha mapema na mashine itakuwa na joto zaidi. Isikae juu ya godoro.

Mnukuzi wa Tabata

Chaguo lipo. Nimelizima jana saa tano usiku. Mlio umebaki kidogo sana, nausikia nikiinama tu. Betri iliyokuwa inanipa saa nne sasa inafika mbili na nusu, kwa hiyo nimeamua: usiku nikiwa kwenye umeme nalizima, nikisafiri nalirudisha. Ni dakika mbili za kuwasha upya.

Fundi wa mtaani nimemwendea pia, kwa heshima, nikamwonyesha picha ya ule mwiba. Akamwita kijana wake anayejifunza, wakafunga mlango. Kijana akasema "naisikia, hii hapa", akaweka kidole pale pale kushoto. Mzee akakaa kimya, kisha akaniomba nimwandikie jina la ile programu ya simu. Nimemwandikia, na ile ya karatasi ya A4 nimemwelekeza.

Mwanachuo wa Ubungo

Na nakala za mahojiano umeweka?

Mnukuzi wa Tabata

Nimeweka, kwenye diski ya nje na kwa dada yangu Kimara. Ahsanteni sana wote. Nina mahojiano mawili ya dakika 90 yanayonisubiri, na leo nasikia hata mtu akivuta pumzi kabla ya kujibu.