Tupeane uzoefu: Uliufuatiliaje msimu wa kikapu wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani) 2008/09, wakati wa Hasheem Thabeet?

Wakuu, kila Thabeet akitajwa kijiweni watu wanakimbilia NBA: Memphis Grizzlies walimchagua wa pili Juni 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kisha hakuwika. Hapo hadithi inafungwa. Inaniuma, kwa sababu kabla ya hapo kuna msimu mzima ambao kijana wa Dar es Salaam alikuwa nguzo ya timu iliyoshika namba moja kati ya vyuo vyote vya Marekani. Naomba uzi huu uwe wa msimu huo tu. Uliutazama wapi? Uliusikiaje? Ulikufundisha nini?

Kwa vijana ambao hawakuuona: kocha alikuwa Jim Calhoun, nahodha wa mashambulizi A.J. Price, mbabe wa chini ya ringi Jeff Adrien, na Kemba Walker ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza chuoni. Thabeet, sentimita 221, alimaliza msimu kwa wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mipira 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Tarehe 31 Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na akazuia mitupo 10. Mitupo kumi, mtu mmoja, mchezo mmoja!

Naanza mimi. Nilikuwa nafanya kazi mjini, Posta, na ofisini ndiko kulikokuwa na intaneti ya maana. Mkongo wa SEACOM, ule wa intaneti wa chini ya bahari, ulikuwa bado haujawashwa, video ilikuwa ndoto. Ijumaa ya tarehe 13 Machi nimefika kazini mapema, nafungua ukurasa wa matokeo nijue robo fainali ya Big East, ligi ya vyuo waliyochezea UConn, imeishaje, UConn na Syracuse, kule ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Nakuta bado wanacheza! Kwao ilikuwa imepita saa sita usiku. Nikakaa nasoma maandishi mstari kwa mstari: muda wa nyongeza wa tatu, wa nne, wa tano. Thabeet ameshatolewa kwa faulo tano. Katika nyongeza zote tano Syracuse hawakuongoza hata mara moja, wakaja kuongoza kwenye ya sita na kushinda 127 kwa 117. Saa mbili na dakika ishirini na mbili asubuhi kwa saa zetu. Wenzangu wanaingia ofisini wanauliza nani amefariki.

Karibuni.

—

Mdau wa Connecticut:

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nilikuwa huku nasoma, si UConn, ila jirani. Februari 16 tulijichanga Waswahili wachache tukaenda Hartford kuwaona UConn wakicheza na Pittsburgh. UConn walikuwa namba moja, wamepoteza mchezo mmoja tu tangu msimu uanze. Tuliingia na bendera yetu ya Tanzania, wazee wa kizungu waliokaa karibu wakatuuliza kama sisi ni ndugu zake. Tukasema ndiyo.

Usiku ule ulikuwa mgumu. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwa Hasheem kwa karibu shubiri nzima, alimsukuma mbali na ringi tangu dakika ya kwanza. Kuna wakati walishikana mikono wakigombea mpira, Blair akamvuta juu ya bega na kumbwaga chini. Ukumbi mzima ulishtuka. Blair alitoka na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5. Pittsburgh 76, UConn 68.

Lakini nisikilizeni. Mwisho wa msimu Big East walipotaja mchezaji bora wa ligi, tuzo waligawana hao hao wawili. Na mlinzi bora akawa Hasheem kwa mwaka wa pili mfululizo. Mtu aliyebwagwa mbele ya taifa zima akaamka na kumaliza hivyo, mimi simwiti aliyeshindwa.

—

Mdau wa Mwanza, kocha wa shule:

Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa mdogo, nimekuja kuitazama michezo ile baadaye kwenye simu, sasa nawaonyesha watoto wangu. Warefu wetu wana tabia moja: wakizuia mpira wanaupiga nje uwanjani, watu wanashangilia, wapinzani wanaurusha upya. Mtazameni Thabeet wa mwaka ule, mipira mingi ameigusa tu ikabaki ndani, Price akaiokota wakaondoka mbio. Pia angalieni ambavyo haruki. Anasimama wima, mikono juu, na mshambuliaji anabadili mawazo mwenyewe. Mitupo ambayo haikutupwa haiandikwi kwenye takwimu.

Najua alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Hilo nawaambia wanaojiona wamechelewa.

—

Mdau wa Upanga:

Mimi nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, Aprili 4, kwetu saa saba usiku. Nyumbani kwa kaka yangu, dishi likakubali. Walikuwa wamewatoa Purdue na Missouri, tukajua kombe hili linakuja. Mpangilio ukawaonea: wapinzani wao, Michigan State, walicheza Detroit, jimboni kwao, mbele ya watu 72,456. Na Jerome Dyson wa UConn alikuwa ameumia goti tangu Februari. Hadi leo naamini Dyson akiwa mzima tunafika fainali. UConn wakapoteza 82 kwa 73, wakafunga msimu na ushindi 31 na vipigo 5. Kaka alizima televisheni, mimi nikaiwasha tena nimwone Hasheem akitoka.

—

Mwanzisha uzi:

Mdau wa Upanga, kuhusu Dyson niko na wewe kabisa. Mwalimu wa Mwanza, tuwekee vipande unavyowaonyesha watoto, hasa hivyo vya kusimama wima. Na kama kuna aliyekuwa Detroit usiku ule, tafadhali aje.